Binti mwenye kifafa anakaribia miaka 18: dawa itoke mkononi mwa mama lini?

Swali

«Jambo munganga. Mimi ni mama wa watoto watano, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Binti yangu wa pili ana miaka 17. Ana kifafa tangu alipokuwa na miaka 13. Anaanguka mara mbili au tatu kwa mwaka, karibu kila mara ni asubuhi. Asubuhi pia mikono inamrukaruka, vikombe vingi vimevunjika nyumbani. Anakunywa Dépakine. Namwekea mimi mwenyewe mkononi asubuhi na jioni, sijawahi kumwachia. Mwaka huu anamaliza sekondari, anataka kusoma sheria Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kukaa huko na wenzake. Pediatre, munganga wa watoto, ametuambia akitimiza 18 tutafute munganga wa watu wazima, basi. Baba yake anasema abaki nyumbani, mtu wa kuanguka atafanya kazi gani. Na kuna kijana ameanza kuulizia habari zake. Tumwambie au tunyamaze? Tufanye nini kabla hajafikisha 18?»

Jibu

Jambo, Mama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja ambacho sikukiona: binti mwenyewe anasemaje? Pediatre amesema, baba amesema, kijana anauliza, wewe unaogopa. Yeye ndiye atakayekuwa anameza vidonge hivyo akiwa na miaka 30, na katika barua nzima nimejua tu kwamba anataka kusoma sheria. Sikulaumu. Mtoto aliyeanza kuanguka akiwa na miaka 13 amelindwa na mikono yako. Lakini miezi iliyobaki kabla ya 18 kazi yake ni moja: ugonjwa uhame kutoka kwako uende kwake, polepole, ungali upo karibu kuona anavyoubeba.

Kwa pediatre, mama ndiye anayejibu maswali. Kwa munganga wa watu wazima, mgonjwa ndiye anayeulizwa: unakunywa miligramu ngapi, umeanguka lini mara ya mwisho, unalala saa ngapi. Vijana wengi wakiulizwa hivyo humgeukia mama. Halafu mama siku nyingine hayupo, kijana hajui jina la dawa yake, anaondoka na karatasi isiyomfaa, na baada ya miezi michache harudi tena. Huko Uingereza mwongozo uliotolewa mwaka 2016 unataka matayarisho haya yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Kwetu mara nyingi ni sentensi moja mlangoni, kama uliyoambiwa. Mmechelewa, ila si sana.

Kuna jambo lisilongoja siku ya kuzaliwa, nalo ni dawa yenyewe.

Dépakine ni valproati. Ni dawa nzuri, na kwa kifafa kinachofanana na hiki unachonieleza ni miongoni mwa zinazofanya kazi vizuri kuliko zote. Tatizo ni kwamba binti yako sasa ni mwanamke anayeweza kushika mimba. Mama akipata mimba akiwa anatumia valproati, karibu watoto 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya mwili: uti wa mgongo uliobaki wazi, mdomo uliopasuka, moyo wenye tundu. Kwa wanawake wengine ni 2 au 3 kati ya 100. Tena watoto 30 hadi 40 kati ya 100 wa mama wanaotumia valproati huchelewa kusema, kutembea au kushika masomo, hata kama wamezaliwa wakiwa na sura nzuri na kilo za kutosha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilisema dawa hii isiandikiwe wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huko Ufaransa, ambako Dépakine imetoka, msichana au mwanamke haandikiwi bila kuelezwa hatari hizi na kutia sahihi kila mwaka.

Utaniambia binti yako si mtu wa kupata mimba sasa, na naamini. Lakini uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za kwanza tangu mimba itungwe, wakati wasichana wengi hawajajua kama wamekosa siku zao. Mtu akisubiri ndoa au mimba ndipo aje kuzungumza, kasoro hizo zinakuwa zimekwisha kutokea. Mazungumzo yafanyike sasa, kabla hajaanza Unilu.

Nisieleweke vibaya: usimwachishe dawa baada ya kusoma haya. Kukatisha valproati ghafla kunaweza kumletea kuanguka kusikokatika, kumoja kukifuata kwingine bila yeye kuzinduka, na hali hiyo inaua. Dawa hubadilishwa na munganga, kwa wiki au miezi, mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka. Zilizo salama zaidi kwa mimba ni levetirasetamu na lamotrijini. Hapa mjini hazipatikani kila farmasi, na bei yake si ya Gardénal, ile dawa ya kifafa ya zamani iliyo rahisi. Levetirasetamu inaweza kumfanya mtu awe na hasira za ghafla au huzuni, kwa hiyo akianzishwa mwangalie wiki za mwanzo. Lamotrijini hupandishwa taratibu sana, na upele wowote ukitokea mwilini arudi kwa munganga siku hiyo hiyo. Huenda mkikaa na munganga mkakuta hakuna dawa nyingine inayomshika vizuri, na yeye, akiwa amekwisha kuelezwa yote, akachagua kubaki na valproati kwa kipimo cha chini huku akitumia njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Hilo linaweza kuwa jibu halali. Lisilofaa ni yeye kuendelea kunywa dawa ambayo hajawahi kuambiwa inafanya nini.

Sasa aina ya kifafa. Siwezi kumpima kwa barua. Ila umeandika mambo matatu ambayo yakikaa pamoja yananifanya nishuku kitu: alianza akiwa na miaka 13, mikono inarukaruka asubuhi hadi vikombe vinaanguka, na kuanguka kwenyewe huja baada ya kuamka. Kuna kifafa cha ujana chenye sura hiyo, kwa Kifaransa épilepsie myoclonique juvénile, huanza kati ya miaka 12 na 18. Watu wengi hawamwambii munganga habari ya vikombe kwa kuwa wanadhani ni uzembe wa mtoto, kumbe ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Mwambieni. Mwulizeni pia kama kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kilifanyika na karatasi yake iko wapi. Kipimo hicho kikitoka safi hakiondoi kifafa. Maelezo ya asubuhi yana uzito zaidi.

Jina la aina lina faida mbili. Kwanza, Tegretol, yaani karbamazepini, ambayo farmasi nyingi wanayo na watu wanaizoea, inaweza kuzidisha mirukoruko hiyo. Binti akijua aina yake, siku munganga asiyemfahamu akitaka kumwandikia Tegretol atauliza. Pili, ni jibu la swali ambalo hukuuliza lakini nyumba nyingi huliwaza: akikua kitaisha? Baadhi ya vifafa vya utotoni huisha vyenyewe kabla ya miaka 16. Hiki ninachokishuku mara nyingi hakiishi. Kinatulia sana kwa dawa, mtu anakaa miaka bila kuanguka, akiacha dawa kinarudi kwa walio wengi. Ni bora ajue mapema kwamba safari ni ndefu kuliko akae anangoja mwisho kila mwaka. Kuolewa hakukiondoi, wala kuzaa. Sala ziendelee, mchungaji akisema aache vidonge ili imani ionekane, hapo usimsikilize.

Na mara mbili au tatu kwa mwaka si kidogo, Mama. Nasikia hivi mara nyingi: «siku hizi anaanguka kidogo tu». Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipata dawa inayofaa. Shabaha ni sifuri. Binti alianza dawa akiwa na mwili wa miaka 13. Inawezekana bado anakunywa kipimo cha mwili ule. Hilo nalo liulizwe.

Tuje kwenye mkono wako unaoweka kidonge kwenye mkono wake. Anza wiki hii. Mnunue kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba. Kama hakipatikani, vikopo viwili vidogo, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni. Jumapili yeye mwenyewe apange vidonge vya wiki, wewe ukiwa umekaa pembeni bila kugusa. Simu yake iwe na kengele mbili. Wewe utahesabu mara moja kwa wiki, Jumamosi, naye akiwepo. Mwezi unaofuata aende farmasi peke yake na karatasi yake, asome jina la dawa, miligramu, na tarehe ya kuharibika, arudi na bei kamili. Wasichana wa miaka 17 hapa wanauza vitenge sokoni na hawakosei hesabu, hili halitawashinda.

Atasahau. Nataka asahau sasa, akiwa bado Katuba, wewe ukiwa chumba cha pili, kuliko asahau kwa mara ya kwanza akiwa Kasapa, kwenye majengo ya Unilu. Akikumbuka baada ya saa chache, ameze. Ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, aendelee na hiyo tu, asimeze mbili kwa pamoja. Na ukikuta kidonge kimebaki kisandukuni, usipige kelele. Mtoto anayegombezwa kwa kidonge kimoja huanza kuvitupa chooni ili hesabu itoke sawa, na munganga akiona anaanguka ataongeza dawa ambayo hainywewi. Muulize tu ilikuwaje siku ile. Mara nyingi kuna sababu: dawa inamnenepesha, nywele zinadondoka, mkono unatetemeka akiandika. Yote matatu ni madhara ya kweli ya valproati, na msichana wa miaka 17 hayachukulii kuwa madogo.

Aweke akiba ya wiki mbili ambayo haiguswi, isipokuwa ya zamani ikibadilishwa na mpya ili isiharibike. Mji huu tunaujua: barabara inafungwa, dawa inakosekana kote mjini kwa siku kumi, hela ya mwezi inachelewa. Akisafiri kwenda Likasi au Kolwezi, dawa ikae kwenye mkoba anaoubeba, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Kuhusu Unilu sikubaliani na baba, na sababu yangu ni usingizi. Kifafa cha namna hii kinachochewa na kukosa usingizi kuliko kitu kingine chochote. Akibaki Katuba na kusoma Kasapa, atavuka mji mzima kila siku. Ataamka saa kumi usiku awahi gari na kurudi giza limeingia. Baada ya miezi miwili ya kuamka hivyo ataanguka ndani ya taxi-bus. Kukaa karibu na shule, na mwenzake chumbani, kunaweza kuwa salama kuliko kukaa kwa mama. Mwambie baba hivyo. Si jambo la kumpa mtoto uhuru tu, ni hesabu ya saa za kulala.

Lakini kukaa huko kuna masharti, na ni yeye wa kuyashika. Kukesha na madaftari usiku wa kuamkia mtihani ndiyo njia fupi ya kuangukia ndani ya chumba cha mtihani. Kwenye kilio aende, akae, alie na watu, saa nne aombe ruhusa akalale. Jamaa wakiambiwa mapema hawatasema amedharau msiba. Pombe: lutuku, ile kali ya kienyeji, asiiguse kabisa. Bia moja ya sherehe haileti balaa kwa wengi, ila zile zinazofuatwa na kukesha na kusahau dawa ya jioni ndizo zinazoangusha watu asubuhi ya Jumapili. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wanapeana siku hizi kama peremende, huleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa. Na akiugua malaria ajitaje kwa kila anayemwandikia dawa kuwa ana kifafa, kwa sababu meflokini haimfai, na homa yenyewe inaweza kumwangusha.

Mwenzake wa chumbani ajue la kufanya. Amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu, aweke kitu laini chini ya kichwa, atazame saa kwenye simu. Asimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji. Asimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Mate yake hayaambukizi. Narudia hilo kwa sababu bado naona makovu ya moto ya watu walioangukia mbabula, jiko la makaa, wakaachwa pale, kwa kuwa waliokuwepo waliogopa kuwagusa.

Mbabula yenyewe: mahali pengi tunaiweka chini na mpishi anainama juu yake. Iinuliwe juu ya kitu imara, apike mtu mwingine akiwepo, na sahani ziletwe kwenye sufuria badala ya yeye kubeba sufuria ya moto. Siku ambazo mikono inarukaruka asipike asubuhi. Akioga, mlango usifungwe kwa komeo. Ndoo ni salama kuliko beseni kubwa lililojaa maji.

Kuna neno moja zito ambalo waganga wengi hawalisemi, nami nadhani mtu anayekaribia miaka 18 ana haki ya kulisikia. Mara chache mtu mwenye kifafa hufariki ghafla, mara nyingi usiku akiwa amelala peke yake, baada ya kuanguka ambako hakuna aliyekuona. Kwa watu wazima ni karibu mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka. Kwa watoto ni wachache zaidi. Wanaoanguka mwili mzima, hasa usiku, wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na wanaokunywa dawa hadi wasianguke hatari yao inashuka sana. Aambiwe mchana, na munganga, kwa utulivu, pamoja na nafasi ya kuuliza. Vijana wakiambiwa hivyo wanaelewa kwa nini dawa ya jioni haiachwi, kuliko wanavyoelewa tukiwatishia.

Kazi. Baba ana haki ya kuuliza, na jibu si kwamba kila kazi inawezekana. Kushuka kwenye mashimo ya wachimbaji, kuchomelea vyuma juu ya paa, kupanda nguzo za umeme, kuendesha lori la Kasumbalesa, kuwa manseba, mwendesha pikipiki wa kubeba abiria: hapana, maadamu bado anaanguka. Gari lake mwenyewe angoje angalau mwaka mzima bila kuanguka, na munganga akubali. Ndivyo sheria ya Uingereza inavyotaka kwa gari la kawaida, nami sioni sababu ya sisi kujipa muda mfupi zaidi. Masomo ya sheria aliyoyachagua ni ya kukaa, kusoma na kusema. Baba hana cha kuogopa hapo isipokuwa karo.

Kuna jambo kutoka mbali ambalo huwa nalifikiria. Huko Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, waganga waliwafuata watoto wenye kifafa hadi wakawa watu wazima, kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wao waliacha kuanguka. Lakini hata miongoni mwa hao, na akili zao zikiwa timamu, wapo wengi waliokosa kazi, waliobaki wapweke, au waliopata mimba wasizozipanga. Walipona kifafa, na maisha yakawapita wakiwa wamefungiwa. Huo ndio wasiwasi wangu mtoto akiambiwa akae nyumbani kwa usalama wake. Huzuni pia huwapata wenye kifafa kuliko watu wengine. Ukiona amejitenga, halali, hataki chakula, usidhani ni ujana tu, mwambie munganga.

Sasa kijana. Swali lako lilikuwa «tumwambie?» Siri hii si ya familia, ni ya binti. Yeye ndiye wa kusema, kwa maneno yake, kwa mtu anayemtaka, wakati anaoona uhusiano umekuwa wa kweli. Hana deni la kumweleza kila anayeuliza habari zake. Lakini kabla mali ya mahari haijatolewa, kijana lazima awe amejua. Nimeona ndoa zilizofichwa ugonjwa: mke anaficha vidonge kwenye unga, anaruka dozi mume akiwepo, anaanguka mbele ya wakwe, na hapo hawasemi «ana kifafa», wanasema «mlituuzia bulozi», yaani uchawi. Kijana aliyeambiwa mapema akakimbia amewapunguzia mzigo. Aliyebaki ndiye atakayemgeuza ubavu usiku. Mjomba au shangazi anayesimamia mazungumzo aambiwe na binti mwenyewe, na aelezwe wazi kwamba hakiambukizi na kwamba watoto wengi wa wazazi wenye kifafa hawakipati.

Na hapa ndipo unapohitaji kutoka nje ya chumba. Kila mara mkienda kwa munganga, binti apate dakika kumi peke yake naye. Kuna maswali ya mwili na wavulana ambayo hatauliza mbele yako, na yana uzito wa dawa: vidonge vya kuzuia mimba na kipandikizi cha mkononi hupungua nguvu mtu akitumia karbamazepini, Gardénal au fenitoini. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriki hivyo. Akitumia lamotrijini, vidonge vyenye estrojeni vinaishusha mwilini na anaweza kuanguka tena. Munganga wa kifafa na muuguzi wa uzazi wa mpango wanatakiwa kujua anachopewa na mwenzake, na anayebeba habari kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni yeye. Siku akitaka mtoto, aende miezi kadhaa kabla, aanzishiwe asidi ya foliki, dawa zipangwe. Mimba ikimkuta ghafla, asiache dawa kwa hofu. Aende wiki hiyo hiyo.

Mtampeleka wapi? Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Charité, kuna kliniki za chuo kikuu, kuna hospitali ya Jason Sendwe. Najua watu watasema Guislain ni kwa wenye wazimu. Kifafa si wazimu, ni ugonjwa wa ubongo kama kisukari kilivyo cha mwili. Ila katika nchi yetu waganga wa neva ni wachache, na wanaokizoea kifafa mara nyingi ndio hao wa neva na akili pamoja. Mlango mbaya machoni pa majirani unaweza kuwa na munganga mzuri ndani. Binti aende aone, aseme kama anaweza kuongea na mtu huyo. Akisema hapana, jaribuni mwingine.

Msiondoke kwa pediatre mikono mitupu. Ombeni ukurasa mmoja: alianza lini, anaanguka namna gani, habari ya mikono asubuhi, EEG ilisema nini, dawa zote alizowahi kunywa na kwa nini ziliachwa, kipimo cha leo, uzito wake. Binti apige picha ya ukurasa huo kwa simu na nakala aiache kwako. Siku ya kwanza kwa munganga mpya ingieni pamoja, yeye akae kiti cha karibu na meza, aanze kusema yeye. Wewe jaza tu yale asiyoweza kuyajua, kama sura yake anapoanguka. Na pediatre awaandikie dawa ya miezi mitatu mbele, kwa kuwa kati ya mlango mmoja na mwingine ndipo wengi wanapoishiwa vidonge.

Akitaka kuniandikia yeye mwenyewe, nitamjibu yeye.